Mpira wa Mlango wa Abiria

Friji ya shemeji yangu ilikuwa imefungwa kamba kiunoni kama mgonjwa wa ngiri, na maziwa yaliyokuwa ndani yake yalishavuka hatua ya kuugua, yalikuwa yanasubiri kuzikwa. Shemeji alisimama mbele yake, begi la safari bado begani. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alifungua kamba taratibu, mlango ukaachama wenyewe kama mdomo wa mlevi aliyelala, akapitisha kidole pembeni, pale panapokaa mpira, akakuta bati tupu.

“Shemeji,” akasema, “nilikuachia ufunguo unimwagilie maua.”

“Maua nimemwagilia.”

“Na friji?”

Nikamwambia ukweli wangu, ambao wakati ule niliuamini wote na hadi leo naamini nusu yake. Nilimwambia kwamba aliyechukua mpira wa friji yake ni serikali.

Mtaani wananiita Wizara. Jina hilo nilipewa na fundi viatu wa kwenye kona, eti kila nikipita kibandani kwake nina wizara ya kuisema: leo ya barabara, kesho ya maji, keshokutwa ya afya. Hii ya afya naisema zaidi tangu mke wangu alipolazwa siku tisa na daktari mkuu akaja kumwona siku ya kumi, wakati kitanda kimeshapata mtu mwingine. Sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, nikaendesha gari la taka la manispaa miaka ishirini na sita, na mtu aliyebeba taka za wakubwa muda wote huo anawajua kuliko madaktari wao.

Basi wakubwa hao ndio walioniandikia barua. Gari lolote lililozidi miaka arobaini lifikishwe kwenye ukaguzi kabla ya mwezi kwisha. Litatazamwa breki, taa, moshi na, hapa ndipo niliposoma mara tatu kidole kikiwa kwenye mstari, “uwezo wa mwili wa gari kuzuia maji”. Likishindwa, litavuliwa namba na kupelekwa kwenye mashine ya chuma chakavu. Barabara zao zina madimbwi ambayo bata wameshayahamia na familia, halafu mimi ndiye naulizwa habari za kuzuia maji!

Gari langu lilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Breki lilikuwa nazo, taa lilikuwa nazo. Kilichokosekana ni mipira ya milango mitatu. Ile ya asili ilikuwa imekauka na kupasukapasuka, ukiigusa unabaki na masizi vidoleni. Nilikwenda duka la spea, muuzaji akanitazama kama nimemwomba kwato za mnyama aliyekwisha duniani.

“Mzee, kiwanda chenyewe kilishakufa.”

“Kilikufa au kiliuawa?” nikamuuliza.

Akaenda kumhudumia mwingine.

Ningeweza kuliacha gari liende. Miguu ninayo. Lakini kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kiti cha mke wangu, na tangu afariki, huu ulikuwa mwaka wa tatu, hapakuwa na mahali pengine palipobaki na umbo lake. Kitanda nilishakilalia chote. Nguo zake waligawana ndugu. Kiti kile kilikuwa kimebonyea upande mmoja, kwa vile alivyozoea kukaa ameegemea mlango, na sikutaka kibanwe na mashine mpaka kiwe bamba la ukubwa wa meza ya chai.

Alikuwa mshonaji. Nguo za wateja tulizipeleka kwa gari, yeye kazipakata, pini kazibana midomoni, anamalizia kupinda mpaka tunafika mlangoni kwa mtu. Na kila iliponyesha, maji yaliingia kwenye kona ya juu ya mlango wake, yakateremka bila haraka, kama mgeni anayeijua nyumba, yakatua mapajani pake. Siku moja yalitua kwenye gauni la bibi harusi. Tuliondoka nalo jeupe, tukafika nalo lina mstari wa kutu toka begani hadi kiunoni, kama ule mkanda wanaovaa wakubwa siku ya gwaride.

“Huu mpira utaubadilisha lini?” akaniuliza.

“Kesho.”

“Kesho ya mwaka gani, fundi?”

Aliniita fundi pale tu ambapo sikuwa fundi. Tangu siku ile akawa anatandika taulo la bluu mapajani kila safari. Mimi nilimweleza kwa kirefu kwamba kosa si langu, ni la hao waliozuia spea zisiingie nchini. Alinisikiliza vizuri sana. Alikuwa na kipaji hicho.

Halafu msimu mmoja wa mvua mlango wake ukaacha kuvuja. Wenyewe tu. Jambo hilo nililitangaza kibandani kwa fundi viatu, mke wangu akiwa ndani ya gari ananisubiri, dirisha wazi. Mpira wa zamani, niliwaambia waliokuwapo, ukishazeeka vizuri huvimba wenyewe ukaziba kila upenyo. Ndiyo maana mimi sikuwa na pupa ya kuubadilisha. “Au siyo, mama?” nikamwuliza.

Akatoa pini midomoni. “Ndiyo, fundi,” akasema, akacheka mpaka akajikunja.

Nilidhani anafurahia elimu yangu. Lile taulo aliendelea kulitandika vilevile.

Nirudi kwenye barua. Nilibakiwa na siku ishirini na moja, nikaamua mipira nitaitengeneza mwenyewe nyumbani, kwa kitu chochote kitakachokubali. Nikaanza na mpira wa kumwagilia bustani. Niliupasua kwa urefu, nikaubana kwenye ukingo wa mlango wangu wa dereva, na asubuhi ulifunga vizuri. Kufika mchana jua lilikuwa limeukaza ukawa mgumu kama amri ya jeshi, mlango ukagoma. Nilitoka kwa kupitia dirishani, kichwa kikitangulia, majirani wakinihesabia moja, mbili, tatu.

Nikaja na kandambili. Nilikata jozi tano vipande vyembamba nikavipanga kwa gundi. Maji yaliingia kidogo tu, lakini gari likitembea vile vipande vinasuguana, gari zima linalia kwi, kwi, kwi, kama nimepakia vifaranga.

“Wizara!” fundi viatu akaniita. “Mlango huo unakwenda kazini au unakwenda kuoga?”

Iliyoniaibisha hasa ni sponji ya godoro. Niliimwagia ndoo tatu, halikupita tone. Ilikunywa yote. Nikalala na furaha. Kesho yake, jua kali, nikaendesha kwenda dukani, na kwenye kona ya kwanza sponji ikaona imechoka kutunza kisicho chake. Ilinirudishia maji yote kwa mkupuo. Niliingia dukani suruali imelowa toka kwenye zipu hadi magotini, siku ambayo wingu halikuwa limeonekana wiki nzima. Muuzaji akaitazama suruali, akaitazama mbingu, akanivutia kiti.

“Kaa, mzee. Hutokea.”

“Ni sponji,” nikamwambia.

“Ndiyo, mzee,” akasema kwa upole ambao ni afadhali angenitukana. “Ni sponji.”

Siku hizo ndipo shemeji, mdogo wake mke wangu wa tumbo moja, aliposafiri wiki mbili kwenda kumtazama binti yake aliyejifungua. Ufunguo akaniachia mimi, kwa ajili ya maua. Siku ya tatu nilifungua friji yake ninywe maji. Nilipouachia mlango ukajifunga wenyewe kwa sauti ndogo: pwa. Nikaufungua tena. Pwa. Maishani mwangu nimefungiwa milango mingi, ya ofisi hasa, lakini sijaona uliofungwa kwa adabu namna ile. Nikapiga magoti kuuchungulia. Mpira laini, wa kijivu, una mkunjo ndani, na katikati yake umepitishiwa sumaku inayong’ang’ania bati. Nani aliniweka mimi na kitu hicho chumba kimoja? Si hao waliozuia spea?

Nilijiambia naazima. Kosa langu, na hili nalikubali mbele ya yeyote, ni kuukata. Mlango wa friji ni wa pembe nne na wa gari una kona za mviringo, kwa hiyo kila kwenye kona nilitia kisu. Ulienea mlango wangu, kikabaki kipande kirefu kama mkono, nikakitupa kwenye kiti cha abiria. Mlango ukawa unasema pwa, nami nikawa nafungua na kufunga kama mtoto. Ila nilipoumwagia maji, yaliingia pale pale kwenye mikato, kona zote nne. Siku zilizobaki zilikuwa sita. Na shemeji akarudi.

Ndipo tukasimama wote wawili mbele ya friji iliyofungwa kamba.

“Twende ukanionyeshe hiyo serikali ilikoupeleka,” akasema.

Tukaenda gari lilikokuwa, uani kwangu. Nikamfungulia mlango wa dereva, nikaufunga ausikie ule mlio. Pwa. Hakuguswa. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango wa abiria, akakiona kile kipande cha mpira wake pale kitini. Akakishika ncha moja akakiburuta kwa hasira kukitoa, kikapita juu ya kiti chote, kikakwaruza na zulia la chini, na alipokiinua juu ili anichape nacho, mkono ukamgandia hewani.

Mpira ulikuwa umeota miiba. Pini. Pini za kushonea, nyembamba, nyingine zimeshika kutu, zimejipanga kwenye sumaku kama nywele zilizosimama. Na sindano moja, bado ina uzi wa bluu wa urefu wa kidole. Nilihesabu kumi na saba. Nilikuwa nimefagia gari lile mara nyingi tangu msiba na sikuwahi kuona hata moja.

Shemeji hakunichapa. Alianza kuzichomoa moja moja, akizichomeka kwenye ukosi wa blauzi yake, kama alivyokuwa akifanya dada yake. Ili afanye kitu kingine zaidi ya kulia, akanigeukia kwa ukali.

“Na huu mlango mbona hujauhangaisha?”

“Huo ni mzima. Mpira wake ulivimba wenyewe.”

“Ulivimba.”

“Mpira wa zamani huvimba.”

Akainama, akachungulia ukingo wa mlango, akaingiza ukucha chini ya mpira na kuuinua kidogo. Kisha akaanza kucheka, na kicheko hicho nilikuwa nakijua, maana kwa mama yao walikigawana sawasawa.

“Shemeji yangu,” akasema, akijifuta macho, “ni mpira gani duniani unaovimba ukajishona?”

Nikavaa miwani. Haukuwa mpira wa kiwandani. Ulikuwa mpira wa ndani wa baiskeli, umekatwa utepe, umekunjwa kwa urefu, na ndani ya mkunjo kumelazwa kamba ya vitambaa vilivyosokotwa na kuchovywa kwenye nta ya mshumaa ili visinywe maji. Juu ya ukingo ulipita mshono wa cherehani, mistari miwili, uzi wa bluu, umenyooka mwanzo hadi mwisho. Ni ule ukingo wa mviringo anaotia mshonaji kuzunguka mto wa kochi. Mke wangu alikuwa ameuvalisha mlango kama mto wa kochi. Kwenye kona hakukata. Aliuvuta na kuulegeza kwa vikunjo vidogo vidogo, kama kwapa la gauni.

Nilijiuliza aliufanya lini. Jibu lilikuja kabla sijamaliza kuuliza. Kulikuwa na wiki moja, mwaka ule, ambayo kila siku nilitoka asubuhi kwenda kwenye foleni ya ofisi ya maji kulalamikia bomba la mtaa, nikarudi jioni sauti imekauka. Gari nililiacha uani.

“Alikwambia?” nikamwuliza shemeji.

“Angeniambia, ningekaa kimya miaka yote hii?” Akaurudisha mpira mahali pake kwa kiganja, taratibu. “Cherehani iko wapi?”

“Ile yake usiiguse.”

“Kuna nyingine?”

Ilikuwa chumbani, chini ya kitambaa nilichoifunika siku ya arobaini. Sikuwa nimekifunua. Shemeji alikivuta kama mtu anayeamsha mtoto wa shule, akapiga mafuta, akazungusha gurudumu, na nyumba yangu ikajaa mlio ambao sikuwa nimeusikia kwa miaka mitatu. Nilitoka nikaenda kutafuta mipira ya baiskeli. Nilikuwa na sababu ya kutoka, si kwamba nilikimbia.

Fundi wa baiskeli alinipa mipira iliyozibwa mpaka ikakataa. Fundi viatu alinipa uzi mnene na sindano ya ngozi, na alipouliza ni wa nini nikamwambia habari yote, maana ilibidi nimwambie mtu. Aliiweka nyundo chini.

“Kwa hiyo haukuvimba,” akasema.

“Haukuvimba.”

“Nami nilishawaeleza wateja!”

Kwa siku nne nilikuwa msaidizi nyumbani kwangu mwenyewe. Kazi yangu ilikuwa kusokota vitambaa na kuvichovya kwenye sufuria ya nta. Vitambaa vilitoka kwenye gunia la mabaki yake, na kila mkono ulipoingia ulitoka na nguo ya mtu ninayemjua: sketi ya jirani, sare ya shule ya mtoto wetu, pazia letu la kwanza. Nikawa nasokota huku nawasema waliofunga viwanda.

“Kaza kamba, shemeji,” akaniambia bila kuinua kichwa. “Hiyo si hotuba.”

Alishona milango mitatu kwa kuufuata ule mmoja. Mshono wa bluu, mistari miwili. Ilipobaki kona moja tu, ya juu kwenye mlango wangu, nikamwambia hiyo niachie, nitaishona kwa mkono mwenyewe. Sikutaka ije kusemwa kwamba kazi yote wamefanya wanawake.

“Vuta vikunjo,” akanionya, “usikate.”

Nilikata kidogo tu.

Siku ya ukaguzi shemeji alikuja nami. Alikaa kiti cha nyuma, akaniacha nionekane dereva wa kukodi, wala sikumwuliza kwa nini. Mkaguzi alikuwa kijana mwenye kalamu mbili mfukoni na uso wa mtu ambaye hajanywa chai. Breki akapitisha. Taa akapitisha. Alipofika kwenye maji, bomba la ofisi likakohoa mara mbili likanyamaza. Nikafungua mdomo kuisema mamlaka husika, shemeji akanikata jicho toka kwenye benchi la kusubiria.

“Kuna pipa na ndoo pale,” mkaguzi akasema. “Mimi nakaa ndani, mzee. Wewe mwaga.”

Akafungua mlango wa mbele wa abiria. Nilitaka kumwambia asikae hapo. Tayari alikuwa amekaa, ameufunga.

Nimeishi miaka mingi nikiota kummwagia maji mtu wa serikali, na leo ameniamuru kwa kinywa chake. Upande wangu wa dereva niliupa ndoo moja, milango ya nyuma moja moja. Nyingine zote nilizipeleka kwake. Ya kwanza niliimwaga kwa hofu. Ya tatu kwa kuzoea. Kwenye ya sita nilimwona anapunga mikono na mdomo unacheza, ila sauti haikunifikia, nikadhani anasema niongeze. Nasema nilidhani. Kwenye ya tisa aligonga kioo kwa kalamu.

Akafungua mlango. “Nakwambia inatosha, mzee! Husikii?”

“Sikusikia hata kidogo, mheshimiwa. Milango inafunga.”

Alishuka akajipapasa shati, akajipapasa suruali, akapitisha kiganja kitini. Pakavu. Akainama kwenye ukingo wa mlango, akaufuata mshono kwa kidole toka chini, akapanda, akazunguka kona, akashuka upande wa pili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira zake. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

“Nani kashona hii?”

Neno “mimi” lilifika hadi kwenye meno.

“Mke wangu.”

“Mwambie ni fundi.”

“Nitamwambia,” nikasema.

Shemeji alikuwa anafunga na kufungua kifungo cha mkoba wake, kana kwamba kimeharibika. Mkaguzi akapiga muhuri.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia mvua ilipoanza, mvua ya kweli, isiyochotwa kwa ndoo. Nilitazama kiti cha pembeni yangu. Kikavu. Nyuma, shemeji alikuwa ananieleza kwamba kesho ni zamu ya friji yake, nayo itavalishwa mpira wa baiskeli, na mimi ndiye nitakayechovya nta. Nikasema sawa. Hadi leo friji hiyo inafunga kwa mpira wa baiskeli, ingawa haisemi pwa.

Ndipo tone la kwanza likanipata kwenye paja la kulia. Nikadhani ni jasho. La pili likafuata, la tatu, kisha yakaacha kuja moja moja. Yalikuwa yanateremka toka kona ya juu ya mlango wangu, bila haraka.

Nikajua shemeji ameona, kwa sababu alinyamaza katikati ya neno. Nikamtazama kwenye kioo. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mkoba.

“Haya, shemeji,” akasema alipoweza. “Hapo tumseme nani?”

Wipa zikaenda, zikarudi. Taulo la bluu lilikuwa chini ya kiti cha abiria, limekunjwa mara nne, alivyoliacha mke wangu. Nikalivuta kwa mkono mmoja, nikalitandika mapajani.